Kutengeneza na Kujua: Swali la Sababu kwenye Meza ya Fundi wa Kompyuta Kisiwani Pemba

Mtu aliyeondoa hitilafu huwa amejua nini juu yake? Swali hilo ni la kale kuliko mashine yoyote, na wanazuoni wa Kiislamu walilijadili katika milango miwili ambayo kwa kawaida husomwa mbalimbali: mlango wa itikadi, unaouliza iwapo kitu kilichoumbwa kinaweza kweli kuwa sababu ya kitu kingine, na mlango wa usuli, yaani elimu ya misingi ya sheria, unaouliza ni kwa njia gani mjuzi huitambua illa, ambayo ni sifa inayoifanya hukumu iwepo. Kisiwani Pemba, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafi na ambako elimu hizo zimesomeshwa misikitini na vyuoni kwa vizazi vingi, swali hilo linaweza kuchunguzwa leo mahali pasipotazamiwa, napo ni kwenye meza ya fundi wa kompyuta, tena katika kazi inayoonekana duni kuliko zote anazoletewa, ile ya kurekebisha programu za kupambia eneo-kazi.

Programu hizo, maarufu kwa jina la doki, huongeza ukingoni mwa skrini safu ya ikoni, yaani picha ndogo zinazobofywa ili kufungua programu au folda, na humwachia mwenye kompyuta achague ukubwa wake, mpangilio wake, na jinsi zinavyovimba kipanya kinapozipitia. Mtindo huo ulienea baada ya kampuni ya Apple kuuingiza katika mfumo wake wa Mac OS X mwaka 2001, na watumiaji wa Windows wakaupata kwa programu za pembeni kama ObjectDock na RocketDock, ambayo ya pili iliacha kuendelezwa zamani lakini haijaachwa kutumiwa, kwa kuwa ni nyepesi na haina malipo. Kwa mizani ya Ghazali, ambaye aliyagawa maslahi ya watu katika dharura, haja na mapambo, doki iko wazi katika daraja la tatu: ikiharibika katika steshenari ya Chake Chake au Wete, barua bado zitapigwa chapa na vyeti bado vitatolewa kopi. Kwa mchunguzi hilo ni jambo jema, kwa sababu mahali ambapo hasara ni ndogo mtu hufikiri kwa utulivu zaidi kuliko mbele ya mgonjwa.

Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishika katika mjadala wa 17 wa kitabu chake cha Tahafut al-Falasifa kwamba uhusiano baina ya kile kinachodhaniwa kuwa sababu na kile kinachodhaniwa kuwa matokeo si wa lazima. Moto ukigusa pamba, pamba huungua; jicho huona kuungua pamoja na mguso, wala halioni kuungua kwa mguso, na mtendaji ni Mwenyezi Mungu, ambaye ameipitisha ada, yaani mwendo wa mazoea, kwamba viwili hivyo vifuatane. Wasomaji wengi huona hoja hiyo kuwa ngumu kukubalika kwa sababu moto huonekana kuunguza kwelikweli, lakini kwenye safu ya ikoni ni sahihi kwa kila herufi. Anayebofya picha ya kalamu na kuiona barua ikifunguka husadiki kwamba picha ndiyo iliyofungua, ilhali picha haina uhusiano wowote na programu isipokuwa mstari mmoja wa maandishi uliohifadhiwa nyuma yake, nao huitwa njia ya mkato, yaani anwani ya mahali faili la programu lilipo kwenye diski. Programu ikisasishwa na toleo jipya likawekwa katika folda yenye jina jingine, picha hubaki pale pale, ikavimba na kung'aa kama jana, ila ikibofywa hakuna kinachotokea. Ufuatano uliodhaniwa kuwa wa lazima ulikuwa ni mapatano tu, na hitilafu ndiyo iliyofichua.

Wanaitikadi wana jina la tukio linalovunja mwendo uliozoeleka, na kwao kuvunjwa kwa ada ndiyo alama ya muujiza wa mtume au karama ya walii. Hakuna fundi atakayeiita ikoni iliyokufa muujiza, na sababu yake inastahili kutamkwa: ada ya mashine iliwekwa na watu, nao wameiacha imeandikwa katika mafaili yanayoweza kufunguliwa na kusomwa, kwa hiyo ikivunjika yupo wa kuulizwa. Hapo ndipo jibu la Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, linapopata nguvu yake, kwani aliandika Tahafut al-Tahafut akishikilia kwamba anayekanusha sababu huwa amekanusha na akili, kwa kuwa kazi ya akili si nyingine ila kuvijua vitu kwa sababu zake. Fundi aliyesomeshwa chuoni itikadi ya Ashari, inayokubaliana na Ghazali katika jambo hili, huswali kwa Ghazali na hufungua kompyuta kwa Ibn Rushd, na haonekani kusumbuka. Huenda ana haki ya kutosumbuka. Ghazali mwenyewe alijiwekea pingamizi kwamba, ikiwa hakuna ulazima, basi mtu aliyeacha kitabu nyumbani hawezi kuwa na hakika kwamba hakijageuka mtoto au mnyama. Akajibu kwamba Mungu ameumba ndani ya watu ujuzi kuwa mambo hayo, ingawa yanawezekana, hayakutokea. Mtu anayewasha kompyuta asubuhi akitarajia kulikuta faili lake kuwa ni faili lile lile anaishi kwa ujuzi huo, awe anajua au hajui.

Tatizo huanza pale faili linapokuwa si lile lile. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme wa gridi ya taifa kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, badala ya kutegemea jenereta za dizeli za Wesha, lakini umeme hukatika bado, na kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika papo hapo. Doki nyingi hushikilia mpangilio wake katika kumbukumbu ya muda na kuuandika katika faili la mipangilio pale programu inapofungwa au inapobadilishwa; umeme ukikatika katikati ya uandishi huo, faili hubaki nusu au tupu, na kesho yake doki huamka na ikoni zake za kiwandani, au haiamki kabisa. Ikiwa jioni ile ile palisakinishwa printa mpya, na juzi yake Windows ilijisasisha, fundi ana washukiwa watatu na hana shahidi.

Swali lake la kwanza huwa ni kimebadilika nini mwisho. Swali hilo lina asili katika fikihi ambayo mafundi wenyewe hawaitaji. Suyuti, mwanachuoni wa Kishafii wa Misri aliyefariki mwaka 1505, aliiweka katika al-Ashbah wa al-Nadhair kanuni kuu kwamba yakini haiondolewi na shaka, na chini yake akaitaja kanuni ndogo kwamba kila jambo lililozuka hukadiriwa kuwa limezuka katika wakati wake wa karibu zaidi. Mfano wake ni wa kisima: mtu aliyetia udhu humo kwa siku kadhaa akaswali, kisha akakuta panya aliyekufa ndani ya maji, halazimiki kukidhi isipokuwa swala alizo na yakini kwamba aliziswali na najisi. Kanuni hii haisemi kwamba panya alianguka jana. Inasema kile ambacho mwenye udhu amewajibika nacho wakati haijulikani alianguka lini, yaani inatoa hukumu bila kutoa habari, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Fundi anayeanza na printa kwa sababu ndiyo iliyoingia mwisho amefanya sawa. Fundi anayemwambia mteja kwamba printa ndiyo iliyoharibu doki, kwa sababu tu iliingia mwisho, ameigeuza kanuni ya pa kuanzia kuwa ushahidi wa kilichotokea, na kosa hilo ni la kawaida mno katika ufundi, na katika tiba pia.

Baada ya hapo hufuata kazi ambayo watu wa usuli huiita sabri na taksimu, maana yake kuorodhesha sifa zote zinazoweza kuwa illa na kuziondoa moja baada ya nyingine mpaka ibaki isiyoondoleka. Fundi huzima programu zote zinazojiwasha pamoja na kompyuta, kisha hurudisha nusu yake, akaangalia, akagawa tena iliyobaki. Kwa njia hiyo washukiwa ishirini humalizwa kwa majaribio yasiyozidi matano. Ugawaji huo hudhania kwamba mkosaji ni mmoja, na dhana hiyo huanguka mara nyingi. Doki ikiwekwa ukingo wa chini wa skrini, na upau wa kazi wa Windows ukawekwa ukingo huo huo kwa mtindo wa kujificha, kipanya kinachoshuka kuifuata doki huuibua upau, nao huifunika doki, na kila kimoja kikijaribiwa peke yake huonekana kizima. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 ikiwa na upau usiohamishika ukingoni, dawa ya zamani ya kuupeleka upau juu ya skrini haikupatikana tena kwa njia ya kawaida, na doki ndiyo iliyolazimika kuhama. Wanausuli waliliona jambo la namna hii na wakaliita illa yenye kuungana, mfano wake kisasi, ambacho hakiwajibiki kwa kuua peke yake wala kwa kukusudia peke yake, bali kwa kuua, kwa makusudi, na kwa dhulma, vikikutana.

Njia ya nguvu zaidi ni dawarani, yaani kuzunguka kwa hukumu pamoja na sifa, iwepo inapokuwepo na iondoke inapoondoka. Maji ya zabibu ni halali. Yakilevya huwa haramu. Yakigeuka siki, ulevi ukaondoka, uharamu nao huondoka. Kwenye kompyuta maana yake ni kwamba haitoshi hitilafu iondoke baada ya jambo fulani kufanywa. Ni lazima jambo hilo lirudishwe ili hitilafu irudi, kisha liondolewe tena. Fundi anayeweza kuiita hitilafu ije na kuiambia iondoke ana kitu ambacho aliyeiondoa mara moja hana, na ikiwa upo mstari unaotenganisha kutengeneza na kujua, hapa ndipo unapopita. Hata hivyo wanazuoni walikhitilafiana juu ya uzito wa dawarani. Wapo walioiona kuwa inaleta yakini, wengi wakaipa daraja la dhana, ambayo ni kuelemea upande mmoja pasipo kukata, na wengine wakaikataa kwa hoja kali, kwamba harufu maalumu ya mvinyo nayo huja pamoja na ulevi na kuondoka pamoja nao, wala si illa ya chochote. Fundi aliyethibitisha kwamba printa ikiondolewa doki hupona bado hajui kama ni printa yenyewe au ni kitu kilichosakinishwa pamoja nayo bila kutajwa. Ana dhana yenye nguvu, na sehemu kubwa ya fikihi ya matendo inasimama juu ya dhana yenye nguvu, kwa hiyo hakuna la kumwonea haya.

Pemba imevishwa na wageni sifa ya uganga na uchawi, akiwemo mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh katika kitabu cha safari zake cha mwaka 1931, na mtu anaweza kutarajia kwamba mjadala wa sababu kisiwani humo lazima uwe ni ushindani wa fundi na mganga. Matarajio hayo hayana uzito mkubwa. E. E. Evans-Pritchard, katika utafiti wake wa mwaka 1937 juu ya Wazande wa eneo ambalo leo ni Sudani Kusini, alionyesha kwamba ghala likiwaangukia watu waliokaa chini yake Mzande hujua vizuri kwamba mchwa walikuwa wameila miguu yake. Anachouliza ni kwa nini liliangukia watu hawa, saa hii. Swali hilo la pili fundi hana jibu lake, na akiwa mkweli hatasema kwamba analo. Faili la mipangilio lilikatika kwa sababu umeme ulikatika likiandikwa. Kwa nini ulikatika dakika ile, kwa kompyuta ile, si swali ambalo sabri na taksimu zinaweza kuligawa, na muumini wa Pemba hulipeleka kwenye kadari bila kumpokonya fundi kazi yake.

Ukaribu wa fundi na mponyaji uko kwingine, katika kitendo anachokifanya mara nyingi kuliko vyote, cha kuzima na kuwasha upya. Kitendo hicho hufuta kumbukumbu ya muda na kuirudisha mashine kwenye hali yake ya asili, na mara nyingi doki iliyoganda huamka. Lakini kumbukumbu iliyofutwa ndiyo iliyokuwa na ushahidi wa kilichotokea, na hitilafu isiyorudi haiwezi kujaribiwa kwa dawarani, kwa hiyo fundi ameponya na amepoteza njia ya kujua kwa tendo moja. Anastahili malipo? Kwa Mashafii anastahili, katika mlango wa juala, ambayo ni ahadi ya ujira kwa atakayeleta matokeo hata kama kazi yenyewe haikujulikana kiasi chake, na miongoni mwa dalili za mlango huo ni hadithi mashuhuri ya swahaba aliyemsomea Fatiha kiongozi wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, kwa ujira wa kondoo, akapona. Sheria imewaweka msomaji wa ruqya, yaani kisomo cha kuponyea, na mwasha-kompyuta katika mlango mmoja kwa kuwa wote wawili hulipwa kwa kilichotokea na wala si kwa kilichojulikana. Anayetoza kwa kutafuta chanzo ameuza kitu kingine, nacho ni kazi, na ijara, yaani mkataba wa kukodi kazi, haisihi kwao mpaka kazi au muda wake ujulikane. Kwa hiyo saa mbili za kuirudisha hitilafu na kuiondoa tena ni halali kulipiwa hata kama mwisho wake fundi atasema kwamba chanzo hakikuonekana, ilhali mwenye steshenari aliyeahidi ujira doki iamke tu, nayo ikaamka, hana haki ya kumdai maelezo.