Shahidi na Msomaji Aliye Mbali

Msafiri afikaye ukingoni mwa mji wa Newala huona chini yake bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto nchi ya Msumbiji. Wamakonde wamekaa pande zote mbili za mto huo tangu kabla wakoloni hawajachora mipaka. Kwa watu wa Newala na Masasi, vita vya ng'ambo havikuwa kamwe habari ya ugenini. Lakini msomaji wa Mwanza au Moshi atavijuaje? Na akiisha kuvijua kwa kinywa cha aliyeviona, yampasa nini?

Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda kumsikiliza gavana wa Kireno. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliosema kwa niaba yao, walikamatwa. Umati ulipojaribu kuzuia wasichukuliwe, askari walifyatua risasi. Kijana Alberto Chipande, ambaye wakati huo hakuwa askari, alikuwapo, akaokoka. Mwaka 1969 Eduardo Mondlane aliuchapisha ushuhuda wake kitabuni. Hivyo watu wa Ulaya na Marekani, wasioweza kuionyesha Mueda katika ramani, walisoma habari za umati ule kwa maneno ya mtu aliyesimama ndani yake.

Chipande alisema kwamba waliouawa walikuwa kama 600. Baadhi ya wanahistoria waliochunguza baadaye wameiona hesabu hiyo kuwa kubwa mno, na ubishi haujaisha. Je, ushuhuda umekuwa bure? Hasha! Mtu anayekimbia risasi hahesabu maiti. Tarakimu hutuambia ni wangapi. Shahidi hutuambia ni nani: watu walioitikia mwito wa mkutano, wakitumaini kujibiwa. Kazi ya kuhesabu tuwaachie watafiti, wala kosa la hesabu tusilifanye kisingizio cha kuziba masikio.

Iko hatari nyingine, nayo ni ya msomaji mwenyewe. Husoma, hulia, kisha hudhani ya kuwa machozi yake ni tendo. Afunguapo ukurasa wa pili, amekwisha kusahau.

Tangu Oktoba 2017 vita vimerudi Cabo Delgado. Mwezi wa Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na maelfu wakakimbia. Wako waliovuka Ruvuma kuja kwetu; na mwaka ule ule shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi lilisema kwamba maelfu yao walirudishwa kwa nguvu walikotoka. Hofu ya walinzi wa mpaka haikuwa ya kubuni, kwa maana Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya, mkoani Mtwara, nacho kilishambuliwa. Serikali ina haki ya kumchunguza mgeni. Lakini kuchunguza ni kumwuliza mtu na kungoja jibu lake. Kumrudisha kabla hajasema neno ni kumnyima hata nafasi ya kuwa shahidi.

Ndugu wasomaji, ni rahisi kumhurumia shahidi aliye kitabuni, kwa sababu haombi chakula wala mahali pa kulala. Kipimo cha usomaji wetu ni huyu mwingine, aliye hai, anayesimama mlangoni usiku akibisha hodi kwa lugha ya ng'ambo. Kama ushuhuda wa Mueda ulitubadilisha kweli, basi na tumkaribishe, aketi, tumsikilize kwanza.