Deni la Msikilizaji

Sisi tuliovuka bahari kutoka visiwani kwenda kwenye matamasha ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo katika miaka ya 1990 tuna ugonjwa mmoja. Akitajwa Hukwe Zawose, hatuanzi na muziki wake. Tunaanza na ukumbi. Tutakwambia tulikaa safu ya ngapi, nani alikuwa ubavuni mwetu, na upepo wa bahari ulivyokuwa ukivuma usiku ule. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, tutamtaja mzee mwenyewe: sauti iliyoshuka hadi chini kabisa ya kifua na kupanda tena hata ukadhani ni ya mtoto, na ile ilimba kubwa yenye ndimi nyingi za chuma, aliyoibonyeza kwa wepesi wa mtu anayechambua mchele.

Ukumbi ule uliungua mwaka 2002. Desemba ya mwaka uliofuata Zawose naye akafariki dunia. Misiba hiyo miwili imechanganyika nyoyoni mwetu hata hatujui tena ni upi tunaoulilia, na hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Mtu anayeyakumbuka maonyesho kwa mapenzi makubwa namna hii, je, anamheshimu aliyeimba, au anajiheshimu mwenyewe kwa kuwa alikuwapo?

Yuko atakayejibu kwamba swali lenyewe halina maana. Nililipa mlangoni, nikakaa, nikapiga makofi, nikaenda zangu. Anayenunua nguru sokoni akatoa thamani yake hadaiwi na mvuvi. Kwa nini msikilizaji adaiwe? Hoja hii ina nguvu, nami niliishi nayo kwa raha mpaka nilipofika Ugogo.

Zawose hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa Doduma, katika mkoa wa Dodoma, kwenye uwanda ule wa kati ambako msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, takriban Desemba hadi Aprili, na iko miaka ambayo hata huo huja kwa kusuasua. Mwalimu Nyerere ndiye aliyemwita Dar es Salaam baada ya Uhuru, na Chuo kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981 akawa miongoni mwa nguzo zake. Kwa hiyo muziki tuliousikia jukwaani ulikuwa umekwisha safiri mbali na kwao kabla ya kutufikia sisi. Nami nilipokwenda kuutazama kwao, katika kijiji kimoja cha Chamwino, mavuno yakiwa yamekwisha ingizwa ndani, jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta mahali pa kukaa. Hapakuwapo.

Ilikuwa ngoma ya muheme. Kwa Wagogo wapigaji wake ni wanawake. Huibana ngoma baina ya mapaja, wakaipiga kwa viganja, na uwanja mzima ukaitikia. Sauti hazifuatani kama zetu za kasida. Zinagawanyika, kila moja ikashika njia yake, kisha zikakutana mahali ambapo sikio la mtu wa pwani halikupatazamia. Nilisimama pembeni, mikono nyuma, kwa adabu ya ukumbini. Mama mmoja mtu mzima akanijia, akanitazama juu hadi chini.

"Mwanangu, umefiwa?"

"Hapana, mama. Nasikiliza."

Akacheka, akawaambia wenzake jambo kwa Kigogo, nao wakacheka.

Kicheko kile kilinifundisha zaidi ya makala nyingi. Ukimya wangu wa Bagamoyo ulikuwa heshima. Ukimya uleule, mbele ya muziki uleule, hapa ulikuwa kama kutokuwapo. Na aibu yangu ilizidi kwa kuwa sisi wenyewe tunalijua jambo hili. Katika taarabu, aliyeguswa na ubeti hakai kitini. Huinuka, akaenda mbele kwa madaha, akamtunza mwimbaji, na kila aliyepo akajua ujumbe umemfikia nani. Hatujapata kudhani kwamba tiketi imetuondolea wajibu huo. Mbona basi mbele ya Zawose tulikaa kama wanafunzi? Nadhani ni kwa sababu tulimwona mgeni, na mgeni hutazamwa. Hilo ndilo deni, na halikulipwa mlangoni.

Lakini nisizidhulumu kumbi. Uwanja wa kijiji una wenyewe. Asiye na ndugu pale, asiyeijua lugha, husimama kwa hisani ya watu, na hisani huweza kunyimwa. Ukumbi haumuulizi mtu kabila wala ukoo. Una kiti, na kiti ni cha aliyekuja. Bila ya jukwaa la Bagamoyo, na bila ya sahani kama Chibite iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1996, mimi wa visiwani ningekufa bila ya kujua kwamba nyuma ya Morogoro kuna watu wanaoimba vile. Anayesema kwamba jukwaa limeua muziki wa Wagogo na atazame Chamwino yenyewe, ambako tangu mwaka 2009 kuna tamasha la muziki huo, nyumbani kwake.

Hapa wapenzi wa ushairi watamkumbuka Mgogo mwingine, Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 karibu na Dodoma. Alizichukua bahari za ushairi wa pwani, na vina na mizani yake, akazitia vinywani mwa watu wanaojibizana mbele ya hadhira, akaziita ngonjera. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa amekwisha fariki mwaka 1969. Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilizidharau ngonjera. Niliziona ni siasa iliyovishwa vina, kazi ya watoto wa shule kuwapokea wageni rasmi. Pwani tulikuwa na majibizano yetu tangu enzi za Muyaka, basi Mgogo alituletea nini kipya? Tangu siku ile ya Chamwino naona aliona haya kuiacha sauti moja iseme peke yake huku watu wote wamenyamaza. Ukisha simama katika uwanja ule, huwezi kuisoma ngonjera kama ulivyoisoma zamani.

Muheme haukuwa umekwisha. Nilifungua mikono, nikaanza kupiga makofi, nikakosea. Nikajaribu tena, nikachelewa. Mama yule akaacha ngoma yake kwa mwenzake, akaja akanishika viganja vyote viwili, akavizuia, akasubiri wimbo uzunguke, kisha akavigonganisha pale panapotakiwa.