Matengenezo ya Pikipiki na Bei ya Haki



Siku hizi hapa Bagamoyo (nasema Bagamoyo yetu ya Tukuyu, si ile ya pwani) husikika sana swali moja: mtu aliyenunua pikipiki iliyokwisha kutumika atampata wapi fundi wa bei nafuu? Kwa kawaida hujibiwa kwa kutajiwa jina la fundi na mahali anapofanyia kazi. Jibu hilo lafaa. Lakini ndani ya swali hilo mna jingine lililo gumu zaidi: nafuu hiyo hulipwa na nani?

Zamani jambo hili halikuwagusa wengi. Katika miaka ya 1970 na 1980 pikipiki ilikuwa chombo cha bwana shamba, mganga au kasisi, na mara nyingi ilikuwa mali ya idara au ya misheni. Ikiharibika, ofisi ndiyo iliyogharamia. Tangu pikipiki ndogo za China na India zilipoingia kwa wingi katika miaka ya 2000, na hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki za abiria, chombo hiki kimekuwa jembe la kijana. Naye kijana asiye na fedha za kununua mpya hununua ya mwenziwe, ambayo imekwisha kupanda na kushuka milima ya Rungwe kwa miaka mitatu minne, katika nchi ipatayo mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Matope yetu ni mazuri kwa ndizi na chai. Kwa cheni ya pikipiki ni kama mchanga ndani ya unga.

Hebu tuanze na muuzaji, maana matengenezo huanzia kwake. Yeye aijua pikipiki yake. Ajua kwamba asubuhi ya baridi haiwaki mpaka ipigwe kiki mara kumi, na kwamba silinda imekwisha kuchongwa. Mnunuzi hayaoni hayo. Huona tangi lililopakwa rangi upya. Thoma wa Akwino, mwalimu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alilichunguza jambo la namna hii kwa mfano wa farasi, ambao ndio waliokuwa pikipiki za siku zile. Farasi akiwa na jicho moja, alifundisha, muuzaji halazimiki kuitangaza kasoro hiyo, kwa kuwa kila mtu aiona, mradi bei ipunguzwe kadiri ipasavyo. Lakini kasoro iliyofichika, yenye kumtia mnunuzi hasara au hatari, ni lazima isemwe. Kumwuza farasi mwenye kuchechemea kwa jina la farasi wa mbio ni udanganyifu. Sidhani kwamba karne saba zimeongeza kitu hapo.

Basi mnunuzi amekwisha kulipa, na baada ya wiki mbili pikipiki inazima mlimani. Anaisukuma hadi kwa fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana wangu. Umeinunua lini?"

"Mwezi huu huu."

Hapo huenda bei imekwisha kupangwa, kabla spana haijashikwa. Swali la fundi laweza kuwa jema kabisa, maana hata mganga huuliza ugonjwa ulianza lini. Lakini laweza pia kuwa kipimo cha ujinga. Kijana huyu hajui tofauti ya plagi na kabureta. Akiambiwa kabureta imekufa ataamini, ingawa labda plagi ilihitaji kusafishwa tu.

Wako wasemao: "Biashara ni makubaliano. Fundi ametaja bei, mwenye pikipiki amekubali. Ubaya uko wapi?" Neno hilo lina nguvu kiasi, lakini makubaliano yahitaji wote wawili wajue wanakubaliana juu ya nini. Thoma huyo huyo aliuliza: mnunuzi akiwa na shida kubwa ya kitu, naye muuzaji hapati hasara ya pekee kwa kukitoa, je, aweza kuipandisha bei kwa sababu ya shida ile? Akajibu hapana, kwa kuwa shida ile ni ya mnunuzi, na mtu asiuze kisicho chake. Naona neno hilo lamhusu fundi sawasawa. Ujuzi wake ni wake. Aliupata kwa kukaa miaka karibu na gereji ya mtu, akiosha vyuma kwa petroli bila mshahara. Na autoze. Ujinga wa kijana si mali ya fundi, wala hawezi kuutoza. (Fundi amtozaye mwenye mshahara zaidi kidogo ili amsaidie mjane, sina neno naye, mradi aseme wazi.)

Watu wengine watatamani Serikali ipange bei. Jambo hilo lilijaribiwa kwa bidhaa. Mwaka 1973 nchi yetu ilitunga sheria ya kudhibiti bei ikaunda Tume ya Bei, na mwaka 1983 ikafanywa kampeni kubwa dhidi ya walanguzi. Waliokuwa watu wazima siku zile wakumbuka kwamba mara nyingi bei ilijulikana, bali bidhaa haikuwapo dukani. Na tume gani ingeweza kupanga bei ya kutafuta mlio usiojulikana ndani ya injini? Leo iko Tume ya Ushindani, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003, ambayo hupambana na bidhaa bandia. Yafaa kwa spea feki, lakini haiwezi kukaa chini ya mparachichi pamoja na kila fundi.

Sasa tumgeukie mwenye pikipiki, maana hadi hapa tumemhurumia sana. Yeye huingia kwa fundi akiwa na neno moja kinywani: punguza. Fundi akisema kazi ni shilingi 5,000, hujibiwa, "Elfu tano ya nini, bwana? Si kukaza nati tu?" Ndipo fundi hujifunza kutoitaja kazi yake. Huificha ndani ya spea. Kifaa kiuzwacho dukani kwa shilingi 12,000 hutajwa kuwa 18,000, na kazi yaitwa ya bure. Mwenye pikipiki huondoka akifurahi kwamba kazi hakuilipia. Nasema uongo huo wameutengeneza wote wawili, na yule aliyeidharau kazi ya mikono ana sehemu yake kubwa.

Tena ujinga wa mwenye chombo humwadhibu fundi mwaminifu. Chukua mfano wa cheni. Cheni ikilegea kwa kuchakaa, meno ya sproketi nayo huwa yamechongoka, na cheni mpya ikifungwa juu ya meno hayo hulika upesi. Fundi mwaminifu husema tubadili vyote pamoja. Huyo huonekana mwizi. Mwenziwe husema, "Cheni tu yatosha, kaka," naye huonekana rafiki, na baada ya miezi michache huuza cheni nyingine. Kijana afanyeje? Naona hana njia ila kujifunza: akae hapo hapo pikipiki ifunguliwapo badala ya kwenda zake, aulize kila kinachotolewa, adai kupewa kifaa kibovu mkononi, na ikiwezekana akanunue spea mwenyewe dukani kisha amlipe fundi kazi yake waziwazi. Fundi afichaye kifaa kibovu amekwisha kujibu swali ambalo hakuulizwa. Hapo, kwa mtu mwenye fedha kidogo, ndipo ilipo nafuu ya kweli, nayo hulipwa kwa saa chache za kuketi juu ya kopo.

Lakini liko jambo kubwa kuliko kupunjwa. Mtu mwenye fedha kidogo hawezi kutengeneza yote kwa siku moja. Hana budi kuchagua. Achague kwa kanuni gani? Wengi huanza na kinachozuia pikipiki isitembee, yaani injini, na kuacha kinachozuia isisimame. Pikipiki ikitoa moshi wa samawati, maana yake ni kwamba inachoma oili. Pistoni na ringi zimechoka. Hasara hiyo humwangukia hasa mwenyewe, ataongeza oili kila mara mpaka apate fedha. (Majirani nao huvuta moshi ule, lakini tuliache.) Breki si hivyo. Barabara kuu itokayo hapa kwenda Kyela hushuka karibu mita 1,000, na nyuma ya dereva ameketi mama mwenye mtoto mgongoni ambaye hajui kwamba breki za nyuma zimelika mpaka chuma. Kijana amejipatia nafuu, na gharama ameipeleka kwa mama huyo bila kumwambia. Lile alilofanyiwa na fundi juu ya kabureta, naye analifanya, tena kwa kitu kisicholipika.

Torati, katika Kutoka sura ya 21, yamtofautisha mwenye ng'ombe aliyepiga mtu pembe mara ya kwanza na yule ambaye ng'ombe wake alizoea kupiga, naye akaonywa, asimfunge. Huyo wa pili hukumu yake ni nyingine kabisa, kwa sababu aliambiwa. Fundi asemapo, "Kijana wangu, breki hizi haziko," ng'ombe amekwisha kutangazwa.

Hapo pia waingia wale wenye pikipiki wanaokaa mjini na kupokea hesabu kila siku. Katika makubaliano yao na dereva, mara nyingi matengenezo makubwa ni ya mwenye chombo, na madogo ni ya dereva. Na breki, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko hata ya tairi, huhesabiwa ndogo. Kwa hiyo amwachiaye breki yule mwenye fedha kidogo kuliko wote, na ambaye lazima alete hesabu jioni, asishangae breki zikikawia. Naona breki zilipwe na yule apokeaye hesabu, na tena zilipwe kwanza, kabla ya hesabu yenyewe.

Limebaki la fundi. Je, aweza kukataa kumrudishia mtu pikipiki isiyo na breki? Nimesikia wakibishana. Kuishika mali ya mtu hana haki, si askari. Kukataa kuifunga injini na kuiacha breki, anayo, ingawa atapoteza mteja, na mteja atakwenda kwa jirani. Jambo ambalo hakuna awezaye kumzuia ni kusema, tena aseme kwa sauti wakati abiria yupo. Abiria yule ana miguu, na kutoka sokoni mpaka Bagamoyo si mbali.