Jiwe Hili Limetoka Wapi?



Msikiti unapojengwa, swali la kwanza tunalouliza linahusu pesa. Imetoka wapi? Ni ya halali? Haina riba ndani yake? Ni swali zuri, na wazee wetu wametulea nalo. Lakini lori linapofika na kumwaga mawe ya msingi, hakuna anayeuliza jiwe limetoka wapi. Tunauliza bei tu.

Hapa Bujumbura jibu mara nyingi liko karibu. Mito inayoshuka kutoka milima ya Mumirwa kwenda Ziwa Tanganyika, kama Ntahangwa, Muha na Kanyosha, imekuwa machimbo ya mji wetu kwa miaka mingi. Mchanga, kokoto na mawe hutolewa humo kwa sururu na koleo, hupakiwa kwenye malori, kisha hugeuka nyumba, shule na misikiti. Na mito hiyohiyo ndiyo inayokula kingo zake na kuangusha nyumba za watu korongoni.

Tuelewe kwanza kinachotokea. Ukingo wa mto husimama kwa sababu udongo wa chini unaubeba wa juu. Ukichimba sakafu ya mto kwa mita moja, ukingo umerefuka kwa mita moja bila mtu kuugusa. Mvua ikija, udongo unalowa na kuwa mzito, na wakati huohuo nguvu yake ya kushikana inapungua. Chini hakuna tena kinachouzuia, basi unaanguka. Sisi tunaosoma uhandisi tunalipima jambo hili kwa uwiano: nguvu zinazozuia tunazigawanya kwa nguvu zinazosukuma. Jibu likiwa 1, mteremko uko karibu kuanguka. Kwa mteremko unaotakiwa kudumu, kwa kawaida tunatafuta 1.5 hivi.

Kisha tunaitwa kutibu. Dawa iliyozoeleka ni gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, au ukuta wa zege. Na mawe ya gabioni yatoke wapi? Yakitoka kwenye mto uleule, tumekuwa kama mtu anayekata pindo la kanzu yake apate kiraka cha begani. Sakafu ya mto ikizidi kushuka, gabioni inabaki bila cha kukanyagia, na siku moja inalala majini. Zege nalo lina gharama yake. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na mbali na moshi wa tanuri, jiwe lenyewe hutoa hewa ya ukaa linapobadilika. Saruji inakadiriwa kuchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Hewa hiyo inaongeza joto, na joto likizidi mvua nazo huwa nzito zaidi. Mvua hizo zinarudi kwenye kingo zetu.

Basi swali la kimaadili ni hili: je, inafaa kuimarisha pahala pamoja kwa kudhoofisha pengine?

Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni inayojulikana, kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake. Walijadiliana pia kuhusu mtu anayeswali kwenye ardhi ya dhuluma: wengi wao walisema swala yake inasihi lakini ana dhambi, na wengine, hasa katika madhehebu ya Hanbali, wakasema haisihi kabisa. Sitoi fatwa, kwani hiyo si kazi yangu. Nasema tu kwamba watu waliochunguza hivyo ardhi iliyo chini ya kipaji cha mwenye kusujudu wangetushangaa sisi tusiouliza lolote kuhusu jiwe lililochimbwa chini ya nyumba ya mjane.

Atasema mtu: uhai kwanza, mazingira baadaye. Namwelewa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, maji yaliyokuwa yamezibwa na maporomoko katika bonde la Gatunguru yalishuka na tope na mawe hadi mitaa ya kaskazini ya mji wetu, na zaidi ya watu 60 wakafariki. Anayekumbuka usiku ule hawezi kufanya mzaha na usalama. Lakini zege nyingi si lazima iwe usalama mwingi. Mara nyingi mhandisi anaongeza unene wa ukuta kwa sababu hakuupima udongo. Alikwepa gharama ya kuchimba na kupima, akalipa ujinga wake kwa saruji, na akauita tahadhari. Hiyo ni israfu iliyovaa kilemba cha ihtiyati. Kuta nyingi huangushwa na maji yaliyokwama nyuma yake, na mabomba machache ya kuyatolea maji hayo yangefaa kuliko kuongeza zege. Pahala pengine nyasi za vetiva au mianzi hutosha kushika udongo wa juu. Pahala pengine hazitoshi, maana mteremko unateleza kwa kina ambacho mizizi haifiki, na hapo kutegemea nyasi peke yake ni kuhatarisha watu. Atakayejua tofauti ni aliyeuchunguza udongo. Elimu hapa ni sehemu ya amana.

Mwingine atasema: na vijana wanaochimba mchanga wale nini? Swali hili ni zito zaidi. Tunaijua hadithi ya watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini, kwa kuona wanawasumbua wenzao kila wanapopanda kuteka maji, walitaka kutoboa tundu upande wao. Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza kuwa wakiachwa wote wataangamia, na wakishikwa mikono wote wataokoka. Mara nyingi tunaisoma hadithi hii kwa kuwalaumu wa chini. Tusisahau kwamba walikuwa na kiu. Kwa Kiswahili kumshika mtu mkono ni kumzuia, na pia ni kumsaidia. Kupiga marufuku uchimbaji bila kumpa mchimbaji kazi nyingine ni kushika mkono kwa maana moja tu. Tena tundu lile hatoboi peke yake. Sisi tunaonunua mawe kwa bei ya chini ndio tunaompa sururu.

Basi tuanze na lililo mikononi mwetu. Jumuiya yetu ikichanga kwa ajili ya jengo, kamati imuulize mwenye lori jiwe limechimbwa wapi. Ikubali kulipa zaidi kwa jiwe la machimbo yaliyo mbali na kingo za mito. Na fungu la kwanza la mchango litumike kupima udongo, kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji. Huenda jengo likachelewa mwaka mzima. Afadhali tuswali uwanjani mwaka huo.

Allah atujaalie tujenge bila kubomoa vya wenzetu. Wabillahi tawfiq.