Nani Ang'oe Mihogo Yake?

Watu husema, Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ni kweli, walakini wengine hulitumia neno hili kama boma: "Shamba ni langu, akili ni zangu, majirani wana shauri gani nami?" Basi twataka kulipima kwa habari ya mihogo, chakula cha nyumba nyingi katika Musoma, Bunda na Butiama.

Twaijua desturi yetu. Mtu akikosa mbegu huenda kwa jirani, naye humpa pingili bila kudai kitu. Ni desturi njema. Lakini magonjwa mawili husafiri ndani ya zawadi hiyo: batobato, na ule wa michirizi ya kahawia. Inzi weupe huyachukua toka shamba hata shamba, na pingili huyachukua mbali zaidi. Ugonjwa wa michirizi ulielezwa na Bwana Storey wa Amani, Usambara, mwaka 1936. Miaka mingi ulidhaniwa kuwa wa pwani na nchi za chini tu. Lakini mwaka 2004 ulionekana katika nchi za juu za Uganda, kisha ukaenea kandokando ya Ziwa. Tena una hila: majani yaweza kuonekana mazima, na mwenye shamba asijue neno mpaka achimbe na kukuta mizizi imeoza ndani.

Hapo ndipo ionekanapo faida ya kikundi. Katika shamba darasa, njia iliyoanza kwa wakulima wa mpunga wa Indonesia mwaka 1989, watu hukutana katika shamba moja, hupanda mbegu ya zamani na mpya kando kando, huchungua wadudu, huchimba na kujadiliana. Mtu akijaribu jambo jipya peke yake likaharibika, watoto wake hulala na njaa. Kikundi kikijaribu katika pembe ndogo, hasara hugawanyika, na mafunzo huwa ya wote. Kwa nia ya kupashana maarifa namna hii wakulima walianzisha MVIWATA huko Morogoro mwaka 1993.

Lakini swali gumu lingaliko. Kikundi kimekwisha kujifunza kwamba mmea mgonjwa sharti ung'olewe. Yuko mjane mwenye shamba dogo, nalo lina ugonjwa. Akiuacha, utaenea kwa jirani. Aking'oa, atakula nini? Je, ni haki kumwambia, Ng'oa, kwa faida ya wote?

Twajibu: si haki, kama neno ni hilo tu. Maarifa yampayo mnyonge mzigo na mwenye nguvu faida, hayo si maarifa ya kikundi. Wanaopona kwa kung'oa kwake wana deni kwake. Yawapasa kushika jembe pamoja naye, kumpa pingili safi kabla ya wengine, na kumpimia mtama au mahindi mpaka mihogo mipya ikomae. Hapo ndipo waweza kumwomba bila haya. Naye asifiche mmea mgonjwa kwa kuogopa kuchekwa. Maana afichaye ugonjwa huwanyima wenzake mafunzo.

Basi, enyi walimu na wazee wa vikundi, mnapohesabu mavuno msiulize tu, Tumepata magunia mangapi? Ulizeni na hili: Ni nani aliyelipa gharama ya kujifunza kwetu, nasi tumemrudishia nini?