Je, Mkristo Aweza Kufanya Yoga?



Swali hili huulizwa na Wakristo wa mijini, hasa wenye maumivu ya mgongo walioshauriwa kujaribu yoga. Wako wajibuo upesi, "Ni mazoezi tu." Wengine husema, "Ni ibada ya miungu, kaeni mbali." Majibu yote mawili ni mafupi mno, maana yoga si kitu kimoja.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, nalo latokana na kufunga nira, yaani kuunganisha. Kwa Wahindu yoga ni njia ya kumfikisha mtu kwenye ukombozi. Katika mafundisho ya Patanjali njia hiyo ina hatua 8. Mwenendo mwema hutangulia. Mkao wa mwili ni hatua ya 3 tu, pumzi ni ya 4, na mwisho ni kuzama katika tafakari. Basi asemaye kwamba yoga ni mazoezi matupu anamnyang'anya jirani yake Mhindu kitu kitakatifu. Sisi tungejisikiaje kama mtu angeifanya Meza ya Bwana kuwa mchezo wa kunyosha viungo?

Hata hivyo, mitindo mingi ya leo ilikuzwa katika karne ya 20. T. Krishnamacharya alifundisha mjini Mysore katika miaka ya 1930, na wanafunzi wake wakaieneza duniani. Mmoja, B.K.S. Iyengar, alikazia kuuweka mwili sawasawa kwa msaada wa mikanda, vipande vya mbao na viti; mtindo huo wamfaa hata mzee anayeanza. Mwingine, K. Pattabhi Jois, alifundisha Ashtanga, ambayo hufuata mpango mmoja wa mikao na kuhitaji nguvu nyingi. Madarasa yaitwayo Hatha kwa kawaida huenda polepole. Kundalini, iliyoenezwa Marekani na Yogi Bhajan tangu mwisho wa miaka ya 1960, ina maneno matakatifu yanayoimbwa na kurudiwa.

Mama apuliziaye moto jikoni hupiga magoti, wala haabudu. Jumapili hupiga magoti kanisani, na hapo goti lake ni sala. Goti ni lile lile. Nia na maneno ndivyo vilivyobadilika. Jimbo la Alabama, Marekani, lilipiga marufuku yoga katika shule za serikali mwaka 1993. Mwaka 2021 liliruhusu mikao, lakini likakataza nyimbo na maamkizi yake. Sheria yaweza kuzuia maneno, lakini nia ya moyo kila mtu ataijibia mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kujiandikisha, tujiulize mambo matatu.

Kwanza, ninaombwa kufanya nini? Kunyosha mgongo si dhambi. Lakini nikiimba sifa za mungu nisiyemwamini, namkosea Mungu wangu, na Mhindu namfanyia dhihaka. Yafaa kumwuliza mwalimu mapema, na kunyamaza kwa adabu panapobidi.

Pili, ni nani atakayekwazwa? Mtakatifu Paulo alijua kwamba sanamu si kitu, lakini alikuwa tayari kuacha nyama kwa ajili ya ndugu mwenye dhamiri dhaifu. Naye aliye na mashaka asimhukumu mwenzake ambaye dhamiri yake ni safi.

Tatu, yoga yachukua nafasi ya nini? Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mtu akipata saa nzima ya kutulia juu ya mkeka, naye hana dakika tano za kutulia mbele za Bwana, asiilaumu India. Aliyeacha mbachao ni yeye.

Bwana atupe roho ya kupambanua, na upendo wa kutoumizana tunapotofautiana.