Kabla Hujamlipa Mtu wa Masoko

Mwanangu,

Ile karatasi ya kampuni ya masoko uliyonitumia nimeisoma yote, pamoja na michoro yake ya rangi, na jibu langu ni kwamba usisaini bado. Sisemi ni matapeli. Huenda ni vijana wazuri tu wanaotafuta riziki kama wewe. Ila wamepanga namna ya kukutangaza kabla hawajakuuliza unga wako wa lishe unaliwa na mtoto wa nani, na hilo linanitosha kukuomba usubiri kidogo.

Sisi tuliouza sabuni enzi za maduka ya serikali ya RTC hapa Tanzania tulikuwa na raha moja: hatukuhitaji kumbembeleza mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 80 mche wa sabuni ukisikika umefika dukani, foleni ilijipanga yenyewe, na aliyebahatika aliondoka nao bila kuuliza umetoka kiwanda gani. Mwaka 1984 serikali ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka uliofuata akaingia madarakani Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, rafu zikajaa, na mteja akajikuta ana sabuni za kila rangi mbele yake. Ndipo tulipolazimika kujua kwa nini achukue yetu aache ya jirani. Redio na televisheni za binafsi zilipoanza kuvuma Tanzania Bara mwaka 1994, kazi hiyo ilikuwa tayari imetukalia kooni.

Nakukumbusha hayo kwa sababu utapewa ushauri wa aina mbili. Mmoja atakwambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwingine atakwambia biashara matangazo. Wa kwanza bado anaikumbuka foleni. Wa pili, mara nyingi, ana tangazo la kukuuzia.

Sasa tuishike hiyo karatasi. Ukurasa wa pili umeandikwa kwa herufi kubwa MKAKATI WA MASOKO, na chini yake wameorodhesha: picha tatu kwa wiki Instagram, video mbili TikTok, ujumbe mfupi kila mwisho wa mwezi. Hiyo ni ratiba, mwanangu. Mkakati ni uamuzi unaoufanya kabla ya ratiba: utamuuzia nani, utamwahidi nini, na nani utamwacha apite. Hilo la mwisho ndilo linalouma, ndiyo maana watu hulikwepa na kuandika, kama ulivyoandika wewe kwenye fomu yao, kwamba wateja wako ni "kina mama wote".

Chukua M-Pesa. Ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Waliojaribu wakaitumia kwa shida zao wenyewe, mojawapo ikiwa kutumiana hela. Wenye mradi wangeweza kung'ang'ania mpango wao, lakini walitazama watu wanafanya nini. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, tangazo halikuhubiri mikopo wala teknolojia. Lilisema tuma pesa nyumbani, basi. Aliyefikiriwa ni mtu aliye mjini mwenye mama kijijini. Huduma nyingine zilifuata baadaye, mlango ukiwa umeshafunguka. Yale maneno kwenye karatasi yako, utafiti wa soko, kugawa soko, soko lengwa, ujumbe mkuu, yote yamo ndani ya hadithi hiyo.

Utafiti wako wewe hauhitaji kampuni. Kaa kwenye duka la Mangi pale Tandika saa kumi na mbili jioni, uagize soda, utulie. Utamwona mama kafika na mtoto mgongoni. Ananunua kipimo kimoja cha mafuta, kipande cha sabuni, pampasi moja, naam, moja, Mangi kaitoa kwenye pakiti iliyokwisha kufunguliwa, na unga robo. Mkononi ana pesa ya leo. Pakiti yako ya kilo moja, hata iwe na picha ya mtoto mnene kiasi gani, haimhusu. Si kwamba hauamini unga wako. Bei ya kilo nzima haijawahi kukaa mkononi mwake kwa wakati mmoja.

Kisha nenda supamaketi upande wa Mbezi uone mama mwingine. Huyu anaigeuza pakiti, anasoma kilichochanganywa, anatafuta alama ya ubora ya TBS, anaangalia tarehe. Kilo moja kwake si tatizo. Tatizo lake ni kuwa hakujui wewe ni nani.

Hao ni wateja wawili wenye pakiti mbili, bei mbili na maduka mawili tofauti, na uwezo wako wa kusaga kwa sasa unamtosha mmoja. Mchague. Mimi ningeanza na wa Tandika kwa pakiti ya robo, kwa sababu ni wengi na hurudi mara kwa mara, lakini unga ni wako. Ukimchagua wa Mbezi sitakulaumu, ila usimchague kwa sababu tu picha zake zinapendeza mtandaoni.

Ukishamchagua, zile nguzo nne wanazozitaja, bidhaa, bei, mahali na utangazaji, zitakuwa na kazi. Mpangilio huo ulitolewa na mwalimu Mmarekani, E. Jerome McCarthy, katika kitabu chake cha mwaka 1960, na bado unafaa. Angalia tu kwamba utangazaji ni moja kati ya nne, na karatasi yako inataka bajeti yote iende huko.

Nguzo ninayokusihi uitazame sana ni mahali. Bakhresa hakungoja watu waifuate askrimu ya Azam madukani. Baiskeli za maboksi ziliipeleka mpaka kwenye vichochoro na milango ya shule. Kwa unga wako, mahali ni rafu ya Mangi, na Mangi naye ni mteja, tena mgumu. Anaweka mbele kinachomwachia kitu. Ukimpa pakiti kumi kwa mali kauli, akulipe akishauza, ukamwachia shilingi 500 kila pakiti, hana cha kupoteza. Mwachie 100 uone unga wako utakavyohamia nyuma ya viberiti. Hata mawinga wa Kariakoo wanalijua hili: winga anakuletea mteja, anapata chake mteja akishanunua. Karatasi yako imeipa biashara hiyohiyo jina la kigeni na kuiwekea ada ya kuanzia. Winga hana ada ya kuanzia.

Kuhusu chapa, wamekuahidi nembo mpya, rangi rasmi na "hadithi ya brandi". Nembo ni sawa, hata mimi napenda kitu kilichochorwa vizuri. Lakini nenda Mombasa, Mtaa wa Biashara, uone wanavyonunua kanga. Duka la Kaderdina Hajee Essak lipo tangu mwaka 1887, na kanga zake zina maandishi madogo, Mali ya Abdulla. Mnunuzi anasoma jina la kanga acheke au anune, kisha anayatafuta yale maandishi madogo, kwa kuwa mama yake alimwambia kanga ile haichuji. Rangi kushika mwaka hadi mwaka ndiko kulikoyapa maandishi hayo thamani. Kwako wewe, chapa ni unga wa wiki hii kuwa na ladha ileile ya wiki iliyopita, karanga zisiwe zimevunda, na kipimo kisipungue.

Ila jina lako lilinde mapema. Vijana wengi husajili jina la biashara BRELA wakadhani wamemaliza. Jina la biashara ni kitu kimoja, alama ya biashara ni kingine, na ni hiyo alama inayokupa nguvu ya kumzuia mtu asiuze unga wake ndani ya pakiti inayofanana na yako.

Tuje kwenye hesabu, maana humo ndimo maneno yanapomchanganya mtu. Wameahidi "impresheni" 200,000. Hiyo ni idadi ya mara tangazo lilipojitokeza kwenye vioo vya simu. Mama mmoja likimpitia mara saba, hesabu inasoma saba. Waliofikiwa ni idadi ya watu, nayo kwa kawaida ni ndogo zaidi. Waliogusa ni wachache kuliko hao, walioandika kuulizia bei ni wachache zaidi, na walionunua utawahesabu kwa vidole vyako na vya majirani. Ndiyo hiyo faneli waliyoichora: mdomo mpana juu, tundu jembamba chini. Wanakuuzia mdomo. Wewe unaishi kwa tundu.

Tuseme umelipa shilingi 600,000 kwa mwezi. Tangazo limefikia watu 40,000, mia nne wameandika kuulizia, arobaini wamenunua. Kumpata mteja mmoja kumekugharimu 15,000. Kwenye pakiti ya kilo unabakiwa na faida ya 1,500, tuseme. Akinunua mara moja akapotea, umemlipa 13,500 aje aonje uji. Akinunua pakiti mbili kila mwezi anakuachia 3,000, kwa hiyo miezi mitano yote anakurudishia gharama tu, faida inaanza wa sita.

Hapo ndipo wataalamu huzungumzia thamani ya mteja kwa muda wote atakaokuwa nawe. Muuza sabuni humpigia hesabu mteja wa miaka thelathini. Wewe mteja wako anakua! Mtoto huanza chakula cha nyongeza akitimiza miezi sita, na nyumba nyingi akifika mwaka na nusu anakula ugali na wenzake. Ukimpata mama mtoto akiwa na miezi minane, una miezi kumi: pakiti ishirini, shilingi 30,000, toa zile 15,000 za kumpata. Linganisha na Mangi. Pakiti ishirini hizohizo kwa kumwachia 500 kila moja ni 10,000, na unazitoa pale tu unga unapouzwa. Sikatai tangazo la simu. Nakataa tangazo ambalo hujalipigia hesabu ya namna hii kwenye daftari lako, kwa bei zako halisi badala ya hizi zangu za kukisia.

Na kwa kuwa mteja wako anaisha kila mwaka, lazima awepo atakayemleta mwingine. Mama aliyeridhika ana mdogo wake, ana jirani mjamzito, ana kikundi cha vikoba. Mpe pakiti ndogo ya nyongeza kila anapomleta mwenzake. Kwenye karatasi yako hili halimo kabisa, nadhani kwa sababu hawapati asilimia yoyote hapo.

Wachekeshaji na watu maarufu wa mitandaoni waache kwanza. Wafuasi laki tatu wa mchekeshaji huenda ni vijana wa kiume kwa sehemu kubwa, nao si wanunuzi wa uji wa mtoto.

Mambo mawili kwenye karatasi yafutwe bila mjadala. La kwanza ni ile sentensi inayosema unga unafaa "tangu miezi minne". Haifai, na chakula cha watoto wachanga hakitangazwi kama soda. Ulimwengu ulishakubaliana kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa mbadala tangu mwaka 1981, kwenye Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, na wasimamizi wetu hawana mzaha na eneo hilo. La pili ni ile "kanzidata ya namba 20,000 za kina mama waliojifungua". Waulize wamezipata wapi, na nani kati ya kina mama hao aliwaruhusu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ujumbe utakaotumwa utakuwa na jina lako wewe.

Baada ya haya yote, bado unaweza kuwahitaji. Watu wa masoko wana kazi tofauti ambazo karatasi imezifunga furushi moja: anayefanya utafiti, anayechora pakiti, anayeendesha matangazo ya kulipia, anayeandika na kupiga picha. Wewe kwa sasa unahitaji mchoraji mzuri wa pakiti ya robo, na pengine mtu wa kupanga utafiti mdogo kwenye maduka ya Temeke. Waombe bei ya kila kazi peke yake. Wakikataa kuivunja bei, umeshapata jibu. Wakikubali, na ukataka matangazo ya kulipia, anza na mwezi mmoja na eneo moja, na mkubaliane kabla ni namba gani itaonyesha kazi imefanyika. Wewe sema: idadi ya wanunuzi wapya. Wao watasema wafuasi. Usikubali wafuasi.

Kila mteja mpya aulizwe ametusikia wapi, na jibu liandikwe siku hiyohiyo, maana mwisho wa mwezi kila mtu atadai ni yeye aliyemleta.

Mkataba ukifika, soma kifungu cha umiliki kabla ya kifungu cha bei. Ukurasa wa Instagram na akaunti ya matangazo vifunguliwe kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, wao waongezwe kama wasaidizi. Picha na faili za nembo ukabidhiwe zote, si ile picha moja tu ya kutuma WhatsApp. Na pesa ya matangazo ilipwe kwa kadi yako moja kwa moja, ili risiti zije kwako na ujue ni ngapi zilikwenda kwenye tangazo na ngapi zilibaki ofisini kwao.